Gari la mseto, la umeme au la petroli: lipi linafaa zaidi?

Swali: Ndugu zangu, ninakusudia kubadilisha gari langu la petroli. Huendesha takriban kilomita 40 kwa siku mjini, na safari ndefu ni nadra. Je, nichukue la mseto, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, au la umeme kamili?

Jibu la 1: La umeme litakufaa, mradi uwe na mahali pa kulichaji usiku. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, ilhali mota ya umeme hufikisha zaidi ya robo tatu yake kwenye magurudumu. Tena hakuna oili ya injini wala plagi za kubadilisha.

Jibu la 2: Ni kweli, lakini betri ndiyo roho ya gari hilo, na ndicho kifaa ghali kuliko vyote. Ukinunua lililokwisha kutumika, nakusihi usilipe kabla fundi hajapima uwezo wa betri uliosalia.

Jibu la 3: Kama huna pa kuchaji, chukua la mseto, aina iliyoanza kuuzwa kwa wingi Toyota Prius ilipozinduliwa huko Japani mwaka 1997. Betri yake hupata chaji kila unapofunga breki, hivyo huokoa mafuta zaidi kwenye foleni kuliko barabara kuu.