Kipimo cha figo kwa mkojo: mama 40, mdogo wangu 20, naomba ushauri

Wayaya na wandugu, salamu toka Bukavu. Mama ana miaka 71, kilo 42 tu. Juma lililopita labo walipima mkojo wake: albumini (protini ambayo figo zikiumia huvuja kwenye mkojo) miligramu 20 kwa lita, kreatinini (taka ya mwili inayotoka na mkojo) gramu 0.5, na uwiano, yaani albumini ukigawanya kwa kreatinini, ukawa 40. Mdogo wangu, anayebeba mifuko ya simenti Kadutu, alikuwa na albumini 30 lakini kreatinini 1.5, uwiano 20. Karatasi ina mpaka mmoja kwa wote: uwiano chini ya 30 ni sawa. Basi mwenye albumini kidogo ndiye anaambiwa figo zina shida!

Ninavyoelewa, kreatinini inatoka kwenye misuli, na mama misuli iko wapi? Wazee, wanawake na watu wembamba hesabu hii inaweza kuwapandishia. Ila ana presha pia, sitaki kujidanganya. (Muuza dawa jirani alishatutolea chupa ya kusafisha figo, nikafunga pochi.)

Najua inafaa kurudia mkojo wa asubuhi, mara mbili au tatu ndani ya miezi mitatu. Waliopitia hili: nimuombe munganga pia kreatinini ya damu, au mkojo wa saa 24?