Mkondo mdogo wa umeme, retinoidi au silikoni: kipi kinafaa kwa mikunjo ya uso na kovu la zamani?

Rehema_M (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba tulinganishe kwa utulivu njia zinazotajwa sana za kupunguza mikunjo na makovu, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu la kile anachokiuza.

Nina mambo mawili. La kwanza ni mistari miwili iliyosimama katikati ya nyusi, pamoja na vijimistari vya pembeni mwa macho ambavyo sasa vinabaki hata nisipocheka. La pili ni kovu la kuungua na mafuta ya moto, juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia. Lina miaka sita, halijavimba, limesinyaa kidogo, na rangi yake imepauka kuliko ngozi inayolizunguka.

Nimeonyeshwa kifaa cha kushika mkononi chenye vichwa viwili vya chuma vya mviringo, ambacho hupitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi iliyopakwa jeli. Muuzaji anasema kinaondoa yote mawili kwa kuwa umeme huo "huamsha seli". Sitaki kukibeza wala kukiamini kabla sijaelewa. Mnaojua, kinalinganaje na krimu za retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), vibandiko vya silikoni na leza, yaani miale mikali ya mwanga?

FundiVipimo

Dada Rehema, kazi yangu ni kutengeneza na kupima vifaa tiba, kwa hiyo nitaanza na kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapochanganywa. Kifaa ulichoonyeshwa ni cha maikroampea, na maikroampea moja ni sehemu moja ya milioni ya ampea. Vifaa vya aina hiyo hufanya kazi chini ya maikroampea 1,000, ambazo ni sawa na miliampea 1, na ndiyo maana mtu hahisi chochote au huhisi mtekenyo hafifu tu. Vipo vingine vinavyotumia miliampea kadhaa, na hivyo hukaza misuli waziwazi hadi shavu likaruka lenyewe. Hutangazwa kwa maneno yaleyale, lakini kazi yake mwilini ni nyingine kabisa.

Hoja ya kuamsha seli haikuzuka hewani. Mwaka 1982 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa kwenye ngozi ya panya, ambamo mikondo ya kati ya maikroampea 10 na 1,000 iliongeza kwa kiasi kikubwa ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na ikachochea pia utengenezaji wa protini. Mkondo ulipozidi hapo, faida ilianza kupungua. Matangazo mengi ya vifaa hivi yanaegemea matokeo hayo. Lakini ile ilikuwa ngozi ya panya iliyowekwa maabara, si uso wa mtu aliye hai, na katika jaribio lile hakuna mkunjo wala kovu lililopimwa. Mtu anayetoka kwenye ATP ya panya na kufika kwenye kovu lililofutika amepita juu ya hatua nyingi ambazo hakuzithibitisha.

Hadija_Muuguzi

Nimeuguza vidonda sugu kwa miaka mingi, na kwenye vidonda nauheshimu umeme. Tabaka la juu la ngozi husukuma chembe za chumvi zenye chaji kwa namna inayofanya pande zake mbili zitofautiane kwa makumi ya milivolti, mithili ya betri ndogo. Ngozi ikikatwa, mkondo huvuja mahali pa jeraha. Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliupima katika karne ya 19 kwenye kidole chake mwenyewe alichokikata. Seli zinazokwenda kufunika kidonda huutumia uga huo wa umeme kujua upande wa kuelekea, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Nature ulibainisha jeni zinazoshiriki kuziongoza. Kwa sababu hiyo, kumwekea mgonjwa mkondo wa nje kwenye kidonda cha mgandamizo kilichokataa kupona kwa matunzo ya kawaida ni tiba yenye mantiki, na hutumika hospitalini.

Kovu lako la miaka sita si kidonda, dada. Lilishafunikwa na betri ile ilisharudi kufanya kazi. Kilichobaki ni nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, zilizolala upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na maji ya mafuriko, badala ya kusukana kila upande kama zilivyo kwenye ngozi isiyowahi kuumia. Vinyweleo na tezi za jasho vilivyoungua havikuota tena. Hakuna seli zinazotafuta njia ya kufunga pengo, kwa hiyo ushahidi wa vidonda hauwezi kuazimwa na kutumiwa kwenye kovu kana kwamba ni jambo moja. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wakiacha matibabu yanayowafaa, huku wakisubiri miezi kwa miezi kifaa kifanye kazi ambayo hakikuundwa kuifanya.

Kuhusu usalama, asikitumie kabisa mtu aliyepandikizwa kidhibiti mapigo ya moyo, mwenye kifafa, mjamzito, wala mwenye saratani katika eneo linaloguswa. Vichwa vya chuma visipitishwe pembeni mwa koo, mahali unapohisi mshipa ukidunda.

BiSaada

Mimi nimekitumia kifaa cha namna hiyo kwa miezi mitano, kwa hiyo nieleze nilichokiona kwa macho yangu.

Kila jioni nilikuwa nasafisha uso, napaka jeli nzito inayopitisha umeme, kisha navuta vile vichwa viwili polepole kutoka kidevuni kuelekea sikioni, na kutoka kwenye nyusi kuelekea kwenye nywele. Jeli ndiyo yenye kazi ngumu kuliko zote. Inakauka haraka hasa kwenye mfupa wa taya, na ikikauka mkondo hukusanyika mahali padogo na kuchoma kama ncha ya sindano. Nilipofika karibu na jino langu lililozibwa, nilikuwa nasikia ladha ya chuma ulimini na kuona mwanga ukimetameta kwenye kona ya jicho. Nilipoanza sikujua kwamba ni jambo la kawaida, nikaogopa sana.

Mara baada ya kumaliza, uso ulionekana umenyanyuka na kung'aa. Hilo ni kweli, na sitamkatalia yeyote anayelisema. Lakini kesho yake asubuhi ulikuwa umerudi ulivyokuwa. Ndipo nikaamua kujipima. Kwa wiki kumi na mbili nilikipitisha upande wa kushoto peke yake, na kila Jumapili saa tatu asubuhi nikajipiga picha dirishani, mahali palepale, bila vipodozi. Mwishoni niliziweka picha mezani bila kumwambia dada yangu upande uliotumika, nikamwomba achague ulio bora. Alizitazama kwa muda mrefu akachagua wa kulia. Mimi pia, kama nisingejua, nisingeweza kutofautisha.

Baadaye daktari wa ngozi aliniandikia tretinoini, ambayo ni mojawapo ya retinoidi, ya kiwango cha chini. Wiki za mwanzo ngozi ilibabuka na kuwa nyekundu pembeni mwa pua, nikalazimika kuipaka usiku mmoja na kuruka miwili. Nilipofika mwezi wa tano wa kuipaka ndipo vijimistari vya pembeni mwa macho vilipoanza kufifia kwenye picha. Mistari ya katikati ya nyusi haikubadilika sana. Ukichagua njia hiyo, usipitishe umeme kwenye ngozi iliyobabuka; mimi nilijaribu mara moja, na maumivu yalinifundisha.

Zuberi_77

Kwa heshima zote, Bi Saada, naona mnakihukumu kifaa kwa haraka. Misuli ya uso ni misuli kama ya mkono. Ukiizoesha kazi itakaza na kuibeba ngozi. Mimi natumia kile chenye nguvu zaidi, kinachorusha misuli, na ninaona tofauti shavuni.

Hadija_Muuguzi

Ndugu Zuberi, hoja yako juu ya shavu siipuuzi, lakini kwa mikunjo inabidi tuangalie jinsi misuli ilivyofungwa. Misuli ya mkono imejishikiza kwenye mfupa pande zote mbili. Misuli mingi ya uso imejishikiza kwenye ngozi yenyewe, na kila inapokaza huikunja. Ndivyo tunavyotabasamu na ndivyo tunavyokunja uso. Mistari ya katikati ya nyusi anayoieleza dada Rehema ilitengenezwa na misuli inayokaza mara nyingi mno kwa miaka mingi. Dawa inayoifaa zaidi mistari ya aina hiyo, ambayo ni sindano ya sumu ya botulinamu, hufanya kinyume kabisa cha kuzoesha misuli: huilegeza. Marekani iliiruhusu kwa mistari hiyo mwaka 2002, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo nayo si tiba ya kudumu. Haiwezekani mstari uleule upungue kwa kuulegeza msuli na upungue pia kwa kuukaza. Kwa shavu endelea ukipenda, lakini hapo katikati ya nyusi nisingekushauri.

Kheri_wa_Keloidi

Naomba niongeze upande wa makovu, kwa kuwa nimeishi nayo. Mimi nina keloidi kifuani na begani. Keloidi si kovu lililovimba tu. Hutoka nje ya mipaka ya jeraha la awali na kuendelea kukua, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka yake na mara nyingi hupungua lenyewe kadiri muda unavyopita. Mtu asiyetofautisha haya mawili anaweza kujidhuru vibaya.

Niliwahi kwenda mahali pa urembo, nikaahidiwa kwamba umeme pamoja na sindano ndogondogo vitalainisha kifua changu. Hawakuniuliza kama ukoo wetu una keloidi. Baada ya miezi minne, kila tundu la sindano pembezoni mwa uvimbe lilikuwa limeota uvimbe wake mdogo, unaowasha usiku kucha hadi nikalala na kitambaa chenye barafu. Kwangu kosa halikuwa la umeme. Lilikuwa la kuichoma ngozi ambayo hujibu kila jeraha kwa kuotesha nyama. Ndiyo maana nasema, kabla ya sindano, leza au kisu, muulizwe kwanza ngozi yenu ilijibuje majeraha ya nyuma. Hata kukatwa peke yake, bila tiba nyingine ya kufuatia, huiacha keloidi irudi mara nyingi mno.

Kilichonisaidia ni sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, ndani ya uvimbe wenyewe, kila baada ya wiki nne hadi sita, pamoja na vibandiko vya silikoni nilivyovaa kati ya saa 12 na 24 kwa siku kwa miezi mingi. Silikoni huchosha: unakiosha kibandiko kila siku kwa sabuni laini, unakikausha, unakirudisha, na joto likizidi ngozi inatoa vipele. Lakini uvimbe umelainika, na muwasho umekwisha.

Rehema_M

Kaka Kheri, pole sana kwa yaliyokupata. Nawashukuru wote. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kovu langu halijavimba, silikoni italifaa? Na muuzaji alinionyesha maandishi kwamba kifaa kimekubaliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani. Je, hilo si uthibitisho?

FundiVipimo

La pili nitalijibu mimi. Vifaa vingi vya namna hiyo hupita kwa njia inayoitwa 510(k), ambayo humtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba kifaa chake kinalingana kwa kiasi cha kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa sokoni. Hiyo si sawa na kupitishwa baada ya majaribio makubwa yaliyothibitisha kwamba mikunjo inaondoka. Tazama pia kimeruhusiwa kwa matumizi gani hasa. Mara nyingi utakuta ni kusisimua uso kwa ajili ya urembo, na neno kovu halimo. Mwombe muuzaji akuonyeshe lilipoandikwa.

Hadija_Muuguzi

Na la silikoni ni hivi: kazi yake kubwa ni kwa makovu yaliyoinuka, na hufaa zaidi yakiwa bado machanga. Kovu hupevuka kwa mwaka mmoja au zaidi, na lako limeshavuka hapo. Kwa kovu bapa, lililosinyaa na kupauka, kinachoweza kubadilisha umbo lake ni leza ya kugawa miale, inayochoma vitone vidogovidogo tu na kuacha ngozi iliyo kati yake, au sindano ndogondogo, mikononi mwa daktari wa ngozi anayeijua ngozi nyeusi, kwa sababu leza iliyowekwa vibaya huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi. Omba ajaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana, ukae miezi miwili mitatu ukiitazama. Weupe wake hautarudi kirahisi kama seli za rangi ziliungua zote.

Kwa uso, kabla ya retinoidi na kabla ya umeme, anza na kinga ya jua ya kila siku. Australia walifanya jaribio la watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: waliopaka kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walivyopenda wenyewe. Na kama unatarajia ujauzito, retinoidi iache hadi baadaye.

Rehema_M

Nimeelewa. Kifaa sitakichukua. Nitaanza kinga ya jua kesho asubuhi, na retinoidi nitamwomba daktari nikimwonyesha na kovu siku hiyohiyo. Kwetu hatuna keloidi, lakini nitamweleza kwamba tundu la sikio langu la kushoto lilivimba nilipotogwa nikiwa mdogo. Bi Saada, naomba uniambie umbali uliokuwa ukisimama kutoka dirishani wakati wa picha, ili zangu za wiki ya kwanza zisiharibike.

BiSaada

Hatua moja kutoka kwenye kioo cha dirisha, ukilitazama dirisha, pazia likiwa wazi lote na taa za chumbani zimezimwa. Weka alama ya utepe sakafuni pale visigino vinapokaa.