Mjadala: Je, nyanya anayelea wajukuu apunguziwe ushuru?

Jirani yetu, mwalimu wa miaka 57 anayelea wajukuu watatu, anasema serikali impunguzie PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Namheshimu sana mwalimu, lakini hoja yake naipinga.

Kenya humpa kila mwenye mshahara nafuu ya ushuru ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Mwenye watoto saba na asiye na hata mmoja wanapata sawa, na hapo mwalimu ana haki ya kulalamika. Ila tukiongeza nafuu ya wajukuu, nani ataionja? Mwenye mshahara tu. Mstaafu hatafaidi kitu, maana pensheni yake haikatwi ushuru tangu Desemba 2024. Na mama yangu je?

Mama ana miaka 61, yuko Vihiga, analea watoto wawili wa dada yangu aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Anauza mboga za mrenda na saga sokoni. Kabla hajauza hata fungu moja, karani wa kaunti ameshamkatia tikiti ya ada ya soko. Jioni hufungua fundo la leso na kuzigawa sarafu: hizi za unga, hizi za sabuni, hizi za viatu vya yule mdogo, maana soli imeachia mbele na vidole vinachungulia. Unga hauna VAT, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa. Sabuni, sukari na viatu vinayo, asilimia 16. Halafu mtu aniambie mama halipi ushuru!

Mimi nasema pesa zimfuate mtoto pale anapolala. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza kwa pesa, huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama amebakisha miaka 9. Mjukuu mdogo ana 7. Siku hiyo ikifika atakuwa na 16. Fungu la mayatima lipo katika mpango huo, lakini hawa wana mama yao, ingawa mshahara wa Saudia huja mwezi huu na kukosekana miwili. Mlango ufunguliwe kwa nyanya yeyote anayelea, hata akiwa na miaka 50.

Mtasema watu watadanganya, kila mtoto ataandikishwa kwa nyanya. Mzee wa mtaa anajua nani analala wapi. Mwalimu wa darasa anajua nani huja kwenye mkutano wa wazazi; mama hajakosa hata mmoja.

Wewe unayetaka nafuu ya PAYE, nionyeshe itapitia wapi hadi ifike kwenye lile fundo la leso.