Wanaume wa sinagogi wanachangishaje fedha?

Mhazini_NJ: Wakuu, salamu. Niko New Jersey, natunza hazina ya umoja wa wanaume kanisani kwetu. Jirani Myahudi amenialika staftahi ya Jumapili ya wanaume wa sinagogi lao. Wanachangishaje bila kuchoshana? Na niende na nini mkononi?

Mzee wa Jikoni: Karibu, ndugu. Nimefanya kazi jikoni mwa sinagogi muda mrefu, na hao wanaume nawaheshimu sana. Usibebe chakula cha kwako. Jiko lao ni la kosha, yaani linafuata sheria za chakula za Kiyahudi: nyama na maziwa havikutani hata kwenye sufuria. Beba matunda mazima. Sabato hawagusi fedha, kwa hiyo Jumapili inawafaa: begeli (mkate wa duara wenye tundu), samaki wa moshi, mzungumzaji mmoja, kisha mchango.

Kinachonigusa mimi ni mishumaa ya njano. Kabla ya Yom HaShoah, siku ya kuwakumbuka Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, kila nyumba hupelekewa mshumaa na bahasha ya mchango. Unawaka saa 24. Mpango huo ulianza 1981, chini ya FJMC, shirikisho la vilabu vya wanaume Wayahudi. Hapo mtu hatoi kwa kubembelezwa, anatoa kwa sababu kuna jina analolikumbuka.

Dada Mwanaisha: Wakijenga kibanda cha matawi cha sikukuu yao ya Sukkot nenda na nyundo, kaka. Urafiki unakolea pale.

Mhazini_NJ: Asanteni. Mzee, bahasha hizo wanazigawa kwa mkono au kwa posta?

Mzee wa Jikoni: Kwetu kwa mkono, mlango kwa mlango.