Timu ya wasichana chuoni ina watu 12 wote wakali, dakika twazigawa vipi?

KochaMsaidizi_Tudor
Salaam wana basketi wa Mombasa. Nasaidia ukocha timu ya wasichana ya chuo kimoja hapa kisiwani, na mwaka huu tumejaaliwa mpaka imekuwa tabu. Zamani tulikuwa na saba wa kutegemewa na wengine wa kujaza jezi tu, sasa nnao 12 na wallahi kumi kati yao naweza kuwaanzisha mechi yoyote nisijute. Kuna wawili wametoka shule za Kwale wanakocheza basketi ya kweli, kuna senta mrefu hata mlangoni huinama, pointi gadi, yule wa kuleta mpira na kupanga mchezo, ni watatu na kila mmoja ajiona ndo yeye. Shida ni dakika. Robo nne za dakika kumi, watu watano uwanjani, jumla ni 200. Ukizigawa sawa kwa 12 kila mtu apata 16 na sekunde 40, manake hata yule bora kuliko wote akae nje zaidi ya nusu mechi. Na tukiwaacha watano bora wacheze sana benchi yanuna, hawashangilii, mmoja ashaanza kukosa mazoezi na mwengine nasikia ataka kwenda timu ya mtaani. Kocha mkubwa asema tumekuja kushinda, asotaka na aende. Mie sioni hivo lakini jibu pia sina. Nyie mwafanyaje?

FowadiMstaafu
Pole kocha. Mie nilikuwa wa benchi chuo kizima, basi nisikize. Dakika chache haziumi vile mwadhani nyinyi mnaosimama pembeni. Kinachouma ni kutojua. Wafika uwanjani ushavaa, ushapasha mwili, hujui kama utaingia robo ya pili au hutaingia kabisa, halafu waitwa ghafla mwili ushapoa, wapoteza mpira mmoja, watolewa. Siku ya pili ukiingia macho yako yako benchi, waangalia kocha ashaita mtu au bado, sasa hiyo rebaundi utaipata saa ngapi?

Kocha wangu wa mwisho alikuwa mkali sana lakini alikuwa akikuita peke yako kabla ya mechi, akuambia wewe waingia robo ya pili mwanzo, umkabe gadi wao mpaka achoke, pointi si kazi yako leo, na hata ukikosea sikutoi mpaka dakika zako ziishe. Nilikuwa nacheza kidogo tu na narudi nyumbani roho safi. Na tafadhali msiwaambie kwa group la WhatsApp, mtu asijue nafasi yake mbele ya wenziwe.

Presi_UwanjaMzima
Mna mali mwalia ufukara nyie. Watu kumi wa kuanza halafu mwataka mucheze kama timu ya watu saba, ya nini? Badilisheni mchezo ufanane na watu mlio nao. Kabeni uwanja mzima toka mpira unapoingizwa, watano wakichoka watoke, waingie watano wabichi wakabe vile vile. Hapa kwetu mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi, uwanja wa simiti, saa nane mchana, hakuna timu ya watu saba itakayofika robo ya nne na miguu yake.

Angalieni South Carolina, timu ya wasichana ya chuo kikuu kule Marekani, kocha wao Dawn Staley, msimu wa 2023-24, mechi 38 na zote walishinda. Fainali ya vyuo kule Cleveland walikutana na Iowa ya nyota Caitlin Clark, dada akatia pointi 18 robo ya kwanza peke yake, watu wakasema kwisha habari. Mwisho ikawa 87-75 South Carolina mabingwa. Benchi yao ilitia pointi 37, benchi ya Iowa sufuri. Sufuri jamani! Tessa Johnson ambaye hata hakuanza ndo aliyeongoza timu yake kwa pointi, 19. Kwa hivo huyo anayenuna benchi mwambie kazi ya benchi ni hiyo.

BintiWaMakande
@Presi malizia hadithi basi. Kwa benchi hiyo hiyo kulikuwa na MiLaysia Fulwiley, kipaji cha kutisha, misimu miwili mara nyingi akitokea benchi, 2025 akahamia LSU, chuo chengine huko huko Marekani. Na hiyo ni timu ya ubingwa, kocha ambaye kila msichana ataka kumchezea, televisheni kila wiki, skolashipu juu. Sie twampa nini mtoto ili akubali kukaa? Maji baridi na nauli ya kurudi, na nauli yenyewe siku nyengine haipo.

Presi_UwanjaMzima
Haya hapo umenipata kidogo 😅 lakini kombe lilibaki kwao

NakaaMezani
Mie huandika mezani mechi nyingi za hapa, hebu niwaambie mambo mawili ambayo makocha wetu huyasahau wakishaanza kuota South Carolina.

La kwanza, sabu haziingii tu vile wataka. Sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zataka mpira uwe umekufa na saa imesimama, na goli likiingia hubadilishi mtu, isipokuwa dakika mbili za mwisho za robo ya nne au za muda wa ziada, napo ni kwa timu iliyofungwa tu. Kwa hivo mchezo ukitiririka bila filimbi mtu wako akaa pale kwangu kwenye kiti dakika mbili tatu, jasho lamkauka, na zile dakika ulizomuahidi zaliwa. Wenzetu wa vyuo vya Marekani mechi ikiwa kwenye televisheni mna mapumziko ya matangazo kila robo, mpira wa kwanza kufa baada ya saa kushuka chini ya dakika tano, kocha abadilisha atakavyo. Sie hatuna hayo, mna taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili basi. Ndo maana nasema ukitaka kutimiza ahadi, mpe mtu MWANZO wa robo. Hapo hakuna wa kumzuia.

La pili ni faulo. Mtu mmoja ana tano kabla ya kutolewa, kweli ukiwa na watu 12 una faulo nyingi za kuchezea, lakini faulo za timu haziongezeki kwa sababu benchi yako ndefu. Nne kwa robo, ya tano na kuendelea wenzenu wapiga mitupo huru miwili. Nishaona timu zaleta watano wabichi kukaba uwanja mzima, dakika tatu washamaliza faulo zote nne, robo iliobaki ni maandamano ya kwenda mstari wa mitupo. Mtu mbichi hushika sana.

DadaWaLikoni
Mimi si kocha ila nina mdogo wangu anacheza. Kuna kitu hamjakisema. Msichana akikaa benchi mechi nzima si kwamba amepumzika, ametoka nyumbani asubuhi, amevuka feri, ameacha kazi za nyumba ambazo mwenziwe wa kiume hata haulizwi, arudi magharibi ishaingia mama auliza haya mmecheza vipi, ajibu sikucheza. Mara ya pili mama asema basi kaa usome. Hapo timu hupoteza mtu na kocha aja kuwaambia watu ati hana moyo wa mchezo. Na Ramadhani hesabuni upya kabisa, aliyefunga mpeni vipande vifupi vifupi, kumi mfululizo kwa jua lile ni kumuonea.

KochaMsaidizi_Tudor
Shukran sana, dada hilo la nyumbani limenigonga, yule anayekosa mazoezi pia ni wa ng'ambo ya feri.

Nimekaa na daftari jana usiku nikajaribu hivi. Wanane wa kwanza wagawane kama dakika 160, wanne waliobaki wapate kumi kumi. Hizo kumi zisiwe za mwisho mechi ikishaamuliwa, ziwe ndani ya robo ya pili na ya tatu, na kila mmoja ajue toka siku ya mazoezi ya mwisho ataingia lini na kufanya nini. Kukaba uwanja mzima tutafanya robo moja tu, na tukifika faulo tatu twarudi nyuma. Kocha mkubwa hajakataa, amesema tuone. Swali limebaki moja, dakika tano za mwisho mechi ikiwa ya karibu nani awe uwanjani? Hapo ndo wote watatu wa pointi gadi huniangalia.

NakaaMezani
Anayetia mitupo. Mechi za karibu huishia mstarini, hesabu mitupo yao mazoezini wakiwa wamechoka, si wakiwa wabichi, na wao wenyewe wazione hizo namba.

FowadiMstaafu
Nakubali na mezani ila ongeza hili, usichanganye wanaoanza na wanaomaliza. Kuanza ni heshima, waweza kuizungusha, leo huyu kesho yule, haikugharimu kitu kikubwa. Kumaliza usikuahidi kwa mtu. Waambie mapema, wote watatu wakiwa pamoja safari hii, kwamba wanaomaliza huchaguliwa siku hiyo hiyo kwa walivyocheza siku hiyo. Na pointi gadi wawili waweza kuwaweka pamoja mwisho, mmoja alete mpira mwengine asimame kona, timu nyingi hapa hazijui kukaba hivo.

Presi_UwanjaMzima
Wawili pamoja nishaona yafanya kazi. Mwacheza lini tuje?

KochaMsaidizi_Tudor
Jumamosi saa tisa inshallah. Ila ukija usipige kelele za "presi presi" kutoka jukwaani, kocha mkubwa atakusikia 😂