Tupeane uzoefu: barua za vita kati ya askari na mkewe nyumbani

Mwana wa Tarime
Wakuu, habari za wakati huu. Mama yetu alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake la bati barua alizoandikiwa na baba kuanzia Novemba 1978 hadi katikati ya 1979, wakati mzee yuko vitani kumfukuza Amin. Nilikaa kitako nikitegemea habari za Kyaka na Mutukula. Wapi! Mzee anauliza kama jiko limeezekwa na kama yule ng'ombe wa madoa ameshazaa. Vita nimeiona kwenye sentensi moja tu, mwishoni mwa Februari: "Tumeingia mji mkubwa lakini nyumba nyingi hazina mabati." Kwa tarehe hiyo, nadhani ni Masaka.

Majibu ya mama hayamo, yaliishia huko huko. Ila ukimsoma baba kwa utulivu unamsikia mama. "Hilo la kaka yangu na shamba la bondeni umefanya vizuri kumkatalia." Barua inayofuata: "Usiniombe radhi kwa kuuza mbuzi, mtoto kwanza." Nimejua mambo ya mama ambayo mwenyewe hakuwahi kutusimulia. Kuna mtoto aliumwa sana mwaka ule, na sina hakika kama si mimi.

Wenzangu, wazee wenu waliandikiana nini?

Mstaafu
Kijana, kutaja mahali ulipo ilikuwa marufuku. Anwani ni namba ya kikosi, basi. Halafu hata ungeruhusiwa, ungeandika nini? Kwamba uliyechimba naye handaki jana leo hayupo? Na barua yenyewe anaisoma mtoto wa darasa la sita mbele ya ukoo mzima. Mke wangu vita alivisikia Redio Tanzania. Kwangu alitaka kuuona mwandiko tu, ajue mkono bado upo.

Kampala ilipoanguka, Aprili 1979, nyumbani walidhani tunarudi wiki ile ile. Sisi tukaendelea kaskazini hadi mpaka wa Sudan. Kipindi hicho ndipo barua za mama watoto zilipokuwa kali, na alikuwa na haki.

Binti Mwalimu
Kwetu barua ya kwanza ilisomwa na mwalimu wa zamu. Baba alikuwa ameandika, "mengine nitakwambia nikirudi tukiwa wawili." Uwanja mzima kicheko. Mama hakusema neno, ila wiki ile ile akaenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima. Kufika Machi alikuwa anajiandikia mwenyewe, herufi kubwa kama za bango. Baba mpaka anastaafu alikuwa akimtania kwamba jeshi ndilo lililomsomesha.

Na ule mwanzo tuliokaririshwa sote: "Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Mama aliuandika kila barua. Sisi tukiandikia mashangazi ulikuwa mapambo tu, yeye alikuwa anamaanisha.

Wa Kitui
Nyinyi mna bahati, angalau mna karatasi. Babu yangu alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu, akapelekwa Burma 1944 na ile Divisheni ya 11, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Hakujua kusoma, alimwambia karani wa kikosi. Nyanya naye alimwambia mwalimu wa misheni. Kwa hivyo mapenzi yao yalipitia kwa makarani wawili wasiojuana, na katikati kuna ofisa wa kukagua barua. Nyanya alisema barua zote zilisikika kama za mtu mmoja, "huyo karani."

Ila kuna jambo hakulicheka kamwe. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa kwetu. Fununu zilifika kijijini bila majina. Yeye hakujua mumewe alipanda meli gani. Alikaa hivyo mpaka karani alipoandika tena.

Mpita njia
Samahani, lakini hizo si siri za wazee? Mimi za kwetu nimezifunga, sisomi.

Binti Mwalimu
Mpita njia, zetu zilishasomewa kijiji kizima. Siri gani tena?

Mama Junior
Mimi mume wangu alikuwa Kongo 2017 na walinda amani. Hatukuwa na barua, ni WhatsApp. Desemba 7 waliposhambuliwa kule Semuliki nilituma "uko salama?", ikabaki tiki moja mpaka kesho yake jioni. Jibu: "Nipo. Ada umelipa?" Nilikasirika sana. Leo nikisoma za baba yake Mwana wa Tarime naona ni ukoo mmoja.

Mtunza makabrasha
Mwana wa Tarime, kabla ya yote toa pini na klipu, zinashika kutu na kula karatasi. Usizipeleke kulaminishwa, hazitabanduka tena. Zipige picha mchana dirishani, bila flashi, pamoja na bahasha, maana muhuri wa posta unaweza kuwa na tarehe ambayo mzee hakuiandika. Na kama kuna shangazi aliye hai, muulize huyo mtoto aliyeumwa ni nani.