Pikapu ya kutu Pangani: niifufue, nichukue kirikuu, au nisubiri inayotembea?

Mwana_Pongwe
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Kuna Hilux ya 1991, kabini moja, injini ya dizeli aina ya 3L, imelala chini ya mwembe Pangani tangu mwenyewe alipofariki, miaka sita sasa. Watoto wake wanataka milioni 4. Kuku wanatagia nyuma. Kwa macho: mlango wa kulia umeliwa chini, kwenye sakafu upande wa dereva unaona mchanga, na bodi ya nyuma imebaki jina tu. Injini haijawashwa muda wote huo.

Kazi yangu ni machungwa na mihogo, Muheza kuja Tanga mjini, mara tatu kwa wiki, na msimu ukifika ni kila siku. Nina milioni 11 taslimu, sitaki mkopo. Kuna kirikuu, kile kipikapu kidogo, iliyotumika nimeiona kwa milioni 9 na nusu, inatembea. Hilux ya umri huohuo iliyo nzima huku siioni chini ya milioni 14, ina maana nisubiri msimu mmoja au miwili.

Sitawaficha, moyo uko pale mwembeni. Marehemu baba alikuwa na kama ile.

FundiBodi_Chuda
Umetaja mlango, sakafu na bodi. Hivyo vyote ni bati, na bati tunakata tunaweka jingine. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, hujaitaja hata mara moja, na hapo ndipo gari lilipo.

Rudi Pangani na nyundo ndogo, bisibisi kuukuu na khanga ya kulalia. Ingia uvunguni, gonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, kama unavyogonga fenesi kujua limeiva. Chuma kizima kinalia "ngi". Kilichooza kinakujibu "pu". Kaa zaidi nyuma ya kabini, pale chesisi inapopanda kupita juu ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na pale zinaposhikia shekeli, vile vishikizo vya springi. Mchanga wa pwani una chumvi. Ukishaingia ndani ya chesisi hautoki, unavuta unyevu kiangazi na masika. Kwa nje utakuta rangi bado ipo, ndani chuma kinabanduka tabaka tabaka kama kitunguu. Ukipata "pu", choma na bisibisi. Ikizama, usiulize bei ya kitu kingine, aga vizuri uondoke.

Halafu tazama namba ya chesisi. Kwa Hilux hizo imepigwa kwenye reli ya kulia, mbele, karibu na tairi. Isugue kwa petroli na brashi laini. Ole wako uguse na grainda! Nimeshaletewa gari ambalo mwenyewe alisafisha namba kwa grainda, likabaki halina jina.

Dada_wa_Kadi
Kaka yangu, kabla hata ya nyundo, uliza kadi ya gari ina jina la nani. Kama ni la marehemu, hao watoto hawawezi kukuuzia kwa maneno matupu. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, yeye ndiye anasaini mkataba wa mauziano. Bila hivyo TRA, watu wa mapato, hawakubadilishii jina. Utatengeneza gari miaka miwili, siku likianza kung'aa anatokea mtoto wa mke mdogo kutoka Morogoro anadai fungu lake. Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba.

Mzee_wa_Spana
Nami niseme la injini, maana 3L naijua kuliko wajukuu zangu. Cc 2779, haina kompyuta, fundi yeyote mwenye akili timamu anaifungua. Ila asije mtu akakwambia muivute kwa kamba iwake. Vuta kijiti cha oili kwanza. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, hapo hesabu gasketi au silinda hedi yenyewe. Oili ikiwa nyeusi ya kawaida, fungua nozeli, mwagia oili kidogo kila silinda, iache ilale. Asubuhi zungusha krenki kwa spana, kwa mkono wako mwenyewe. Usiguse stata. Ikizunguka bila kukwama, una injini ya kujadili.

Taimingi belti ni ya mpira. Iliyolala miaka sita usiipe hata dakika moja, ikikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo umenunua hedi. Dizeli ya kwenye tangi mwaga yote, imeshakuwa gundi. Pampu itavuja, mpira ukikauka hauna jinsi. Breki usizihesabu kabisa, anza upya.

Likoni_254
Mie niko Mombasa, nilifufua Peugeot 504 pikapu, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapahapa Kenya. Nilipiga hesabu shilingi 150,000 za Kenya kwa bodi na rangi. Nilimaliza kwa 410,000, na si miezi minne niliyoahidiwa, ni miaka miwili na zaidi. Kilichonimaliza si chuma. Kila ukifungua kitu kimoja unakuta vitatu. Watoa mlango, bawaba imeoza. Watoa bawaba, nguzo nayo imeoza. Na fundi wa kwanza alinijazia pati, ule udongo wa kuzibia bati, hadi mlango ukawa mzito kama wa benki. Mvua za Mei zilipokuja pati ikavimba, ikapasuka, nikaanza tena.

Naipenda, siiuzi. Lakini wakati wote huo nilikuwa na gari jingine la kunitafutia unga. Wewe bwana machungwa utayabeba na nini?

Kirikuu_Tanga
Swali la Likoni ndilo lenyewe. Machungwa hayasubiri rangi ikauke. Chukua kirikuu, kesho uko barabarani. Inakunywa mafuta kidogo, inapita hadi kwenye vichochoro vya sokoni, spea zake sikosi.

Ila nami nisikudanganye. Kama ni zile za cc 660, Mjapani ameiandikia kilo 350. Hayo ni magunia matatu ya mihogo, basi. Mimi napakia zaidi ya hapo kama wenzangu wote, na springi za nyuma nimeshabadilisha mara mbili. Ukitaka tani moja kwa safari moja, hiyo ni kazi ya Hilux. Kirikuu itaenda mara tatu.

Mwarabu_wa_Pemba
Mimi niko Muscat. Huku pikapu za bara, upande wa Nizwa, unakuta ya miaka thelathini chini iko safi, jua limekula mipira na dashibodi tu. Ningekuletea moja, lakini usukani uko kushoto. Funzo nililopata: gari linanunuliwa kwa hewa lilikokaa. Ukisubiri hiyo ya milioni 14, usiitafute Tanga wala Dar, itafute Dodoma au Singida.

FundiBodi_Chuda
Sahihi kabisa. Nyingi za "inatembea" hapa pwani nimezipaka rangi mimi, najua kilicho chini yake. Hizo nazo ziendee na bisibisi ileile.

Mwana_Pongwe
Nimerudi. Nimelala uvunguni na khanga ya mke wangu, ameshaniuliza yale madoa.

Reli ya kulia inalia vizuri mwanzo mwisho, namba inasomeka yote. Kushoto, nyuma ya tairi, pale shekeli inaposhikia, bisibisi imezama mpaka mpini, na mchanga ukamwagika kama kutoka kwenye kifuko. Nikaendelea mbele kama shubiri mbili, chuma kizima. Oili nyeusi. Nilifanya kama alivyosema mzee (shikamoo mzee), asubuhi nikaweka spana, nikasukuma, ikazunguka. Yule kijana mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yangu, hakusema kitu, akaenda zake jikoni.

Kadi ina jina la marehemu. Mahakamani hawajaenda.

FundiBodi_Chuda
Sehemu moja inatibika, lakini si kwa kubandika kiraka. Ukichomelea bamba nene juu ya chuma kilicholiwa, linapasuka pembeni ya weldi siku ya kwanza ya mzigo. Unakata mpaka ukutane na chuma kizima, unaunga kipande kipya, unaacha tundu za maji kutoka, unanyunyizia ndani. Na springi ya upande huo ishushwe kwanza. Kazi ya wiki kwangu. Mwingine atakwambia siku moja.

Mwana_Pongwe
Kirikuu nimeshalipia leo asubuhi, Jumatatu naanza nayo Muheza. Kwa ile Hilux nimewaambia wale ndugu wafungue mirathi, wakimaliza nawapa milioni 1.8 kwa hali ile, nitaivuta polepole. Wamesema watakaa kikao.

Mzee_wa_Spana
Marahaba. Hicho kikao kikikwama, au wewe ukichoka njiani, hiyo injini usimpe mtu mwingine. Mimi hapa Moshi nina ndugu yake, chesisi safi haina hata doa, injini ilikufa zamani.

Dada_wa_Kadi
Mzee, namba ya injini imo kwenye kadi. Mkitaka kuihamisha mnaanza na kadi kwanza, halafu ndiyo spana.